Frank Parsons, Mwasisi wa Ushauri wa Kazi

Frank Parsons alizaliwa mwaka wa 1854 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka wa 1873, mwaka ule ule uchumi wa Marekani ulipoporomoka. Kampuni ya reli iliyomwajiri ikafilisika, naye msomi akajikuta kibarua katika kiwanda cha chuma. Baadaye aliwahi kuwa mwalimu, wakili na mhadhiri wa sheria. Mwaka wa 1895 aligombea umeya wa Boston, akashindwa.

Yamkini kutangatanga huko ndiko kulikomfumbua macho. Mnamo Januari 1908 alifungua mjini Boston ofisi ya kuwashauri vijana wasiojua washike kazi ipi. Kila kijana alijaza hojaji yenye maswali zaidi ya mia moja kuhusu afya, tabia, usomaji na matamanio yake, kisha akapimwa kumbukumbu na wepesi wa hisi. Majibu yalilinganishwa na mahitaji ya kazi mbalimbali, mishahara na nafasi zake. Uamuzi aliachiwa kijana mwenyewe, na hapa ndipo ulipo ubora wa mbinu hii. Mwanafunzi aliyewahi kuchagua kozi ya chuo kwa kubahatisha atanielewa.

Dosari haikukosekana: Parsons alitazama hata umbo la kichwa, jambo ambalo sayansi imelikataa.

Alifariki Septemba 1908, kabla ofisi yake haijatimiza mwaka. Kitabu chake kuhusu uchaguzi wa kazi kilichapishwa mwaka wa 1909.