Sheikh Abdullah Saleh Farsy: Mwalimu Aliyeandaa Somo Kabla ya Darasa



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka kabla madrasa hazijafunguliwa hapa Kariakoo, walimu huwa na kazi ambayo ninyi hamuioni. Husahihisha mitihani, hupanga nani apande darasa na nani arudie, kisha huandika azimio la kazi la mwaka mzima. Katika toleo hili tumtazame mwanachuoni aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake katika kazi hiyo isiyoonekana.

Sheikh Abdullah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma elimu ya dini kwa masheikh wakubwa wa Unguja, akiwemo Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumait, na pia alisomea ualimu wa skuli za serikali. Kwa hiyo alizijua njia zote mbili: ya chuoni na ya ubao na chaki. Alisomesha kwa miaka mingi, na baadaye akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba.

Tatizo la zama zile lilikuwa kubwa. Vitabu vingi vya dini vilikuwa kwa Kiarabu, na watoto wengi walihifadhi maneno bila kujua maana yake. Pasipo kitabu kinachoeleweka, kila mwalimu husomesha anachokikumbuka, na mtihani hushindwa kupima kitu kimoja kwa watoto wote.

Sheikh hakuishia kulalamika. Alishika kalamu, akaandika kwa Kiswahili chepesi kuhusu maisha ya Mtume (S.A.W.), hukumu za sala na mengineyo ambayo mwalimu angeweza kuingia nayo darasani. Kisha akaikabili kazi nzito kuliko zote: kuifasiri Qur'an Tukufu kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Ilitoka kwanza sehemu baada ya sehemu, huku mwenyewe akiwa na majukumu mengine. Kuanzia mwaka 1960 alikuwa Kadhi wa Zanzibar. Wapo waliomkosoa katika tafsiri yake, na wapo wanachuoni waliohitilafiana naye katika baadhi ya mas-ala ya dini. Yakaja Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwaka 1967 akahamia Kenya. Kuacha nyumba na mji ulikozaliwa ukiwa na umri wa miaka 55 si jambo dogo. Lakini kazi hakuiacha. Mwaka 1969 Qurani Takatifu ilitoka ikiwa kamili, juzuu zote 30, ikichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Huko Kenya alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1968.

Hakuwasahau walimu waliomtangulia. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake kinachoeleza maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Wengi katika hao, lau si kalamu yake, habari zao zingepotea. Alifariki Oman mwaka 1982.

Tunajifunza nini?

Kwanza, somo zuri huanza kabla ya mwanafunzi kuketi mkekani. Mwalimu asiyejiandaa humpotezea mtoto mwaka.

Pili, kuhifadhi ni jambo jema, lakini kufahamu ndiko kunakomfanya mtu atende.

Tatu, wazazi, mwalimu anapokuambieni kuwa mtoto arudie darasa, msimkasirikie. Alama ile ni amana. Akimpandisha asiyeweza, atakuwa amemdhulumu mtoto huyo.

Nanyi wanafunzi, mkifungua madaftari mapya mwaka huu, jueni kuwa yupo aliyekesha kwa ajili yenu.

Allah amrehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy, awalipe kheri walimu wetu wote, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.