Anthony wa Misri, Mponyaji Asiyefungua Mlango

Sisi tuliosoma chuoni twawajua watawa wa Kinasara kwa sura tatu. Katika Maida wasifiwa kwa kutotakabari, katika Hadid twaambiwa utawa ni jambo walilolizua wenyewe, na katika Tawba wengi wao walaumiwa kwa kula mali za watu kwa batili. Mtu ninayemweleza leo ndiye aitwaye baba wa watawa hao. Alikufa mwaka 356, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (S.A.W.).

Anthony alikuwa Mkibti, mwana wa wenye mashamba, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 251. Wazazi walimfia angali kijana, wakamwachia dada mdogo. Siku moja kanisani alisikia ikisomwa habari ya Nabii Isa kumtaka tajiri auze alicho nacho awape maskini. Basi ardhi akaigawia wanakijiji, vyombo akauza, dada yake akamweka kwa wanawake wacha Mungu, naye akashika njia ya upweke. Kiasi cha miaka 20 alijifungia katika ngome gofu ng'ambo ya Naili, akishushiwa mikate kwa juu mara mbili kwa mwaka.

Alipotoka, wagonjwa wakamwandama. Na hapa ndipo ninapompendea. Akiombewa mtu akapona, Anthony hakujisifu. Asipopona, hakunung'unika, bali alimwambia mgonjwa asubiri, kwani kuponya si kazi ya Anthony wala ya mja yeyote. Alikuja jemadari mmoja, Martinianus, ambaye binti yake alikuwa akisumbuliwa na pepo. Akabisha mlango kwa muda mrefu. Mzee hakufungua. Alichungulia kwa juu, akamwambia kuwa yeye ni mtu kama yeye, na kwamba akiwa ana imani, aende akamwombe Mungu mwenyewe. Jemadari akaenda zake akiomba, na binti akapona.

Nani kati ya waganga wetu wa leo, awe wa kitabu au wa ngoma, angemrudisha jemadari mlangoni? Mganga hutaka mteja arudi. Huyu hata chakula alicholetewa hakukila bure: alikuwa akisuka vikapu, na mgeni aliyemletea kitu alipewa kikapu badala yake. Lawama ya Tawba sioni pa kumbandika.

Ama habari hizi twazipata kwa Athanasius, askofu wa Iskandaria, aliyeandika maisha ya Anthony muda mfupi baada ya kifo chake. Nisome kwa hadhari, maana mwandishi naye alikuwa na lake. Ikiwa mtu wa jangwani asiyejua hata Kiyunani ndiye dua zake zinazopokewa, nani tena atamsikiliza askofu mjini? Kwa hiyo kitabu chajihimu kumwonyesha Anthony akiwainamishia kichwa maaskofu na makasisi. Tena mwaka 338 aliteremka Iskandaria kuwapinga wafuasi wa Arius, kasisi aliyefundisha kuwa Mwana aliumbwa. Itikadi yetu juu ya Nabii Isa yajulikana, na katika hilo hatukutani na mzee huyu. Lakini siku hizo mjini hata wasio Wakristo walisukumana wapate kumgusa. Mfalme Constantine naye alimwandikia barua. Anthony aliwaambia wenziwe wasistaajabu, kwani mfalme ni mtu tu.

Uzee wake aliumalizia mlimani karibu na Bahari ya Shamu, ambako mpaka leo pana monasteri yenye jina lake. Wamisri wa zama zile walikuwa na ada ya kuwavika sanda watu wema na kuwaweka majumbani bila ya kuwazika. Yeye aliichukia ada hiyo. Akawausia wanafunzi wawili wamzike, na asijue mwingine mahali pa kaburi. Alikufa akiwa na miaka 105, kwa hesabu ya Athanasius, na wakafanya alivyotaka.

Wakristo husimulia kuwa mwaka 561 kaburi lilifunuliwa, na baada ya karne kadhaa mifupa ikafika Ufaransa. Huko, mwishoni mwa karne ya 11, iliundwa jumuiya ya kuwauguza watu waliokula nafaka yenye ukungu, wakiungua viungo hata kukatika. Wagonjwa walimiminika kwenye mifupa hiyo kutaka shifaa, na maradhi yenyewe yakaitwa Moto wa Mtakatifu Anthony.