Elijah McCoy, fundi mwenye alifanya mashini ijipakale mafuta

Ndani ya kila atelye kuna mutu mwenye anatembea na bidoni ya mafuta na pompe ya grese. Watu hawamuangalie sana. Lakini asipofika, rulma inaanza kulia, moto unapanda, mashini inakufa, na pengine mutu anaumia pamoja nayo. Leo sisi wa sendika tunasimulia maisha ya mufanyakazi mumoja wa kazi hiyo. Jina lake Elijah McCoy.

Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa kule Kentucky, Marekani. Walikimbia kwa njia za siri zenye zilikuwa zinapeleka watumwa mpaka Kanada, mahali utumwa ulikuwa umekwisha. Elijah alizaliwa kule Colchester, jimbo la Ontario, mwaka 1844. Alizaliwa huru. Tangu utoto alipenda vyombo vya chuma, na alipofika miaka 15 wazazi wakamutuma ngambo ya bahari, mpaka Edinburgh, kule Scotland, ajifunze kazi ya mashini. Akatoka kule injiniere kamili.

Akarudia jamaa yake, yenye ilikuwa sasa inakaa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Akaomba kazi kwa kampani ya reli Michigan Central. Masomo yake yalikuwa sawa. Ngozi yake ndiyo walikataa. Wakamunyima kazi ya injiniere juu alikuwa Mweusi. Wakamupa kazi ya kutupa makaa motoni na kupakala lokomotive mafuta. Wangapi kati yetu wanajua ile hali ya kuwa na akili ya fundi na kulipwa mushahara wa manévre?

Wacha tueleze kwanza ile kazi. Chuma, hata ukikiona laini, kiko na meno madogo yenye macho hayaone. Vyuma viwili vikisuguana bila kitu katikati, meno yanashikana, joto linapanda, chuma kinakulana. Mafuta yanaingia katikati na kutandika kitu kama ngozi nyembamba, vyuma visigusane. Lakini ile ngozi inakatika kama mafuta yanaisha. Ndiyo maana siku zile treni ilipashwa kusimama kila mara. Mutu wa mafuta anashuka, anazunguka lokomotive na kopo mukononi, anapakala hapa na pale, kisha treni inaendelea. Saa zilipotea, na kazi ilikuwa ya hatari, kwani mikono ilikuwa inakaa karibu na chuma cha moto.

McCoy hakuangalia shida hiyo kutoka biro. Aliiangalia kutoka chini, na mafuta mikononi. Mwaka 1872 akapata breveti yake ya kwanza, ni kusema karatasi ya serikali yenye kuonyesha ya kama kitu fulani ni akili ya mutu fulani. Ilikuwa ya kikombe cha mafuta cha kufunga kwa mashini ya mvuke. Nguvu ya mvuke wenyewe ndiyo ilikuwa inafungua njia ya mafuta kwenda ndani ya silinda, mashini ikiwa inatembea. Hakuna tena kusimama.

Tuseme ukweli wote: hakuwa wa kwanza duniani kufikiri jambo hilo. Kule Uingereza, John Ramsbottom alikuwa ametengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1860. Lakini McCoy hakuishia kwa kikombe kimoja. Miaka yote iliyofuata alirekebisha, akaongeza, akarekebisha tena, mpaka akafikisha breveti zaidi ya 50, na nyingi zilikuwa za mambo ya mafuta tu.

Na mafuta hayana namna moja, wandugu. Zamani ndani ya silinda walitia mafuta ya ng'ombe. Nyuma yake yakakuja mafuta ya kutoka chini ya udongo. Mafuta mazito yanakaa vizuri mahali pa muzigo mukubwa, lakini yanachelewa kufika ndani ya vitobo vidogo. Mafuta mepesi yanafika mbio, lakini muzigo ukizidi yanakimbia na kuacha chuma kitupu. Joto likipanda, hata mafuta mazito yanakuwa kama maji. Grese ni mafuta yenye kushikwa na kitu kama sabuni: inakaa mahali inapowekwa, inafaa kwa rulma.

Lokomotive mupya za miaka ya 1900 zilileta shida ingine. Mvuke wao ulikuwa wa moto kupita, na mafuta yalikuwa yanaungua ndani ya silinda. Dawa ilikuwa kuchanganya mafuta na grafiti, ule unga mweusi wenye uko ndani ya kreyo. Grafiti haiungui mbio na inateleza hata mafuta yakikauka. Ubaya wake, inaziba njia. Mwaka 1915 McCoy, akiwa sasa muzee, akapata breveti ya chombo chenye kilipitisha grafiti pamoja na mafuta bila kuziba. Wanaandika kama yeye mwenyewe alikihesabu kuwa kazi yake kubwa.

Lakini feza zilienda wapi? McCoy hakuwa na mali ya kujenga atelye kubwa. Breveti nyingi aliziachia matajiri wenye walimupa feza, ao watu wenye alifanyia kazi. Treni zilitembea na akili yake, na vyombo vingi havikubeba jina lake. Ni mwaka 1920 tu, kule Detroit, ndipo kampani yenye jina lake ilianzishwa. Alikuwa amekwisha kuzeeka. Mwaka 1922 yeye na bibi yake Mary, mama mwenye kujulikana sana kwa vyama vya wanawake, walipata aksida ya motokari. Mary akafa mwaka 1923. Elijah akabaki mugonjwa na bila mali, akafa tarehe 10 Oktoba 1929 ndani ya hospitali ya Eloise, karibu na Detroit. Leo biro ya serikali ya Marekani yenye inatoa breveti kule Detroit iko na jina lake. Heshima ilikuja, lakini yeye hakuiona.

Sisi wa sendika tunachukua mambo matatu kwa maisha haya. La kwanza: hakuna kupakala grese mashini ikiwa inazunguka. Zima, funga, weka alama, kisha pakala. Na ukiona mafuta yamekuwa meupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Ita shefu, andika ndani ya kitabu cha atelye. La pili: mutu wa mafuta apewe mafunzo na kategori ya kazi yenye anafanya kweli. La tatu: kama mufanyakazi ametengeneza kitu chenye kinaokoa saa na damu ya wenzake, jina lake liandikwe siku ileile na aguse matunda yake akiwa angali muzima. Delege wenu wako na masikio. Leteni mawazo yenu, na yaandikwe.