Christopher Wren, mjenzi wa London baada ya moto

Mwaka 1632, katika kijiji cha East Knoyle, nchi ya Uingereza, alizaliwa mtoto aliyeitwa Christopher Wren. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kianglikana. Mtoto alikuwa mdogo wa mwili, lakini akili zake zilikuwa kali. Alipenda hesabu, alipenda kutazama nyota, na mikono yake ilijua kutengeneza vyombo vya kupimia. Alisoma katika chuo kikuu cha Oxford, na baadaye akafundisha huko elimu ya nyota. Kazi ya ujenzi alijifunza mwenyewe, kwa kusoma, kwa kupima na kwa kutazama majengo ya wengine. Mwaka 1665 alisafiri mpaka Paris ili ayaone makanisa yake na makuba yake.

Siku zile mji wa London ulikuwa mji wa mbao. Njia zake zilikuwa nyembamba. Orofa za juu zilitokeza mbele kupita zile za chini, hata nyumba za upande huu zilikaribia kugusana na nyumba za upande ule. Wakubwa walikuwa wamekataza kujenga hivyo, lakini watu wengi hawakujali. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lilijengwa kwa mawe, lakini lilikuwa limechakaa. Mwisho wa mwezi wa Agosti 1666 Wren na wenzake walikwenda kulikagua, wakashauriana namna ya kulitengeneza. Majukwaa ya miti ya waashi yalikuwa yamekwisha kusimamishwa kando ya kuta zake.

Siku sita baadaye, usiku wa kuamkia Dominika tarehe 2 Septemba, moto ulitoka katika nyumba ya mwoka mikate mmoja, katika kichochoro cha Pudding Lane. Kiangazi kilikuwa kikavu sana, na upepo wa mashariki ulivuma kwa nguvu. Mkuu wa mji aliitwa, akaja, akaudharau moto. Hakutaka nyumba zibomolewe upesi ili moto ukose njia. Basi moto ukaruka kutoka paa hata paa. Siku ya tatu ulifika kwenye kanisa kuu. Majukwaa yakashika moto, na paa likawaka. Risasi iliyofunika paa iliyeyuka, ikatiririka njiani kama maji. Wauza vitabu walikuwa wameficha vitabu vyao katika chumba cha chini ya kanisa, wakidhani mawe yatavilinda, vyote viliteketea. Upepo ulipotulia, nyumba 13,200 na makanisa 87 yalikuwa majivu. Maelfu ya watu walilala mashambani, nje ya mji.

Watu wenye uchungu hutafuta mtu wa kulaumu. Wageni walipigwa njiani, na Wakatoliki walisingiziwa kwamba ndio waliouchoma mji. Mfaransa mmoja, Robert Hubert, ambaye akili zake hazikuwa timamu, alisema kwamba yeye ndiye aliyeutia moto. Akanyongwa. Baadaye ilijulikana kwamba merikebu yake ilifika London siku mbili baada ya moto kuanza. Hata hivyo, mwaka 1681 maneno ya kuwasingizia Wakatoliki yalichongwa kwenye mnara wa ukumbusho wa moto. Yalifutwa kabisa mwaka 1830 tu. Mtu asiye na kosa alikufa, lakini kifo chake hakikuufanya mji uwe salama.

Wren alifanya kazi nyingine. Majivu yalikuwa hayajapoa bado, naye alikwisha kumpelekea mfalme Charles wa 2 mchoro wa mji mpya, wenye njia pana zilizonyoka. Mchoro ulikuwa mzuri, lakini haukufuatwa. Kila mtu alitaka kiwanja chake cha zamani, na fedha za kuwalipa wote hazikupatikana. Wren hakususa. Mfalme alimteua pamoja na wengine kushauri juu ya ujenzi, naye akakubali.

Mwaka 1667 sheria mpya ilitolewa. Kuta za nje za kila nyumba zijengwe kwa matofali ya kuchoma au kwa mawe. Unene wa kuta uwe kwa kipimo, kufuata ukubwa wa nyumba. Orofa za juu zisitokeze tena juu ya njia. Njia nyingi zilipanuliwa. Hivyo makosa yaliyoonyeshwa na moto yaliandikwa katika sheria.

Fedha za kujenga makanisa zilipatikana kwa kodi ya makaa ya mawe yaliyoletwa mjini. Wren alisimamia ujenzi wa makanisa zaidi ya 50. Kazi iliyo kubwa kupita zote ilikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Mchoro alioupenda sana ulikataliwa, akachora mwingine. Msingi uliwekwa mwaka 1675. Mwaka 1697 wakubwa waliona kazi inakawia, wakazuia nusu ya mshahara wake. Wren aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1708 mwanawe aliweka jiwe la mwisho juu kabisa, na mwaka 1711 jengo lilitangazwa kuwa limekwisha. Urefu wake kwenda juu ni metre 111. Wren alikufa mwaka 1723, mwenye miaka 90, akazikwa ndani ya kanisa hilo.

Lakini kuba la kanisa lina siri. Kuba la ndani ni la matofali. Juu yake kuna mjengo mwingine wa matofali, wenye umbo la pia iliyopinduliwa, unaobeba uzito wa mawe ya kileleni. Kuba la nje, lile linaloonekana kwa mbali, lina mifupa ya mbao iliyofunikwa kwa risasi, maana la mawe lingekuwa zito mno. Hivyo hofu ya moto haikuondoka. Wakati wa vita, tarehe 29 Desemba 1940, bomu la moto lilikwama katika risasi ya kuba. Likadondoka kwenye ukumbi wa nje, na walinzi waliokesha huko wakalizima. Kanisa likapona.

Matofali na sheria njema huulinda mji, lakini havitoshi kama watu wamelala. Mjenzi mwema hujenga vizuri, na wale wanaorithi kazi yake hukesha.

Maulizo
1. Kwa nini moto ulienea upesi katika London?
2. Robert Hubert alijulikanaje kuwa hakuwa na kosa?
3. Sheria ya mwaka 1667 iliagiza nini?
4. Kwa nini walinzi walihitajiwa mwaka 1940?