MAISHA YA WATU WAKUBWA: Käthe Kollwitz, muchoraji na muchongaji



Leo tunawaletea maisha ya mama mumoja wa Ujerumani.

Käthe Schmidt alizaliwa tarehe 8 Julai 1867 katika muji wa Königsberg. Siku hizi muji ule unaitwa Kaliningrad, uko Urusi. Babu yake, Julius Rupp, alikuwa muchungaji. Kanisa la serikali lilimufukuza, naye akaanzisha kusanyiko huru. Baba yake alisoma sheria, lakini akawa fundi wa kujenga. Wakati ule shule kubwa za sanaa zilikuwa hazipokei wasichana. Baba hakukata tamaa: alimutuma binti yake katika shule za wasichana kule Berlin na Munich.

Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, munganga wa wafanyakazi masikini katika Berlin. Hapo Käthe aliona njaa ya watu kwa macho yake. Picha zake nyingi hakuzipaka rangi. Alizikwangua juu ya bamba la shaba ama alizichonga juu ya ubao, akatia wino, akakandamiza karatasi. Ni kama stensili ya gazeti letu hili: kazi moja inatoa karatasi nyingi. Kwa njia hiyo alionyesha uasi wa wafumaji wa Silesia wa mwaka 1844. Mwaka 1898 waamuzi walitaka kumupa medali, lakini Kaizari Wilhelm II akakataa. Kisha alionyesha vita vya wakulima vya 1524–1525, wakati wa Luther.

Mwaka 1914 vita vikubwa vikaanza. Mutoto wake Peter, mwenye miaka 18, akataka kuwa askari. Baba akakataa kutoa ruhusa. Mama ndiye aliyemusihi baba mupaka akakubali. Katika mwezi wa Oktoba Peter akauawa kule Ubelgiji. Yule mama akabeba neno lile moyoni.

Akaanza kumuchongea mutoto sanamu ya ukumbusho. Akaanza, akaacha, akaanza tena. Ilifika makaburini Ubelgiji mwaka 1932 tu: baba na mama wamepiga magoti, kila mumoja juu ya jiwe lake. Baba anajikumbatia, mama ameinama. Hakuna bendera, hakuna bunduki. Siku hizi wako Vladslo, mahali Peter amezikwa.

Tena mwaka 1924 alichora tangazo la kukataa vita. Mwaka 1919 alikuwa ameingia katika Akademi ya Sanaa ya Prussia na kupewa cheo cha profesa. Lakini mwaka 1933 watu wa Hitler wakamulazimisha kutoka, juu alitia saini karatasi iliyoita watu kuungana na kupinga chama chao. Mwaka 1942 mujukuu wake, naye jina lake Peter, akafa vitani. Mwaka 1943 mabomu yakaharibu nyumba yake. Akafa tarehe 22 Aprili 1945 katika Moritzburg, siku 16 tu mbele ya vita kuisha katika Ulaya.

Wapendwa, tunajifunza nini? Käthe alikuwa amekubali vita pamoja na wengine, kisha akageuka, na miaka yote iliyobaki alionyesha wazi bei yake. Sisi wa mwaka wa sita karibu tunatoka hapa. Wakati rafiki wote wanakimbia upande mumoja, tuulize kwanza: kesho nani atalia?