Jasper Maskelyne: Bingwa wa Kiinimacho Aliyefia Kenya

Ujanja wa mikono unaowastaajabisha watazamaji huitwa kwa Kiswahili kiinimacho au mazingaombwe. Jina la kwanza lina busara kubwa, kwani halitaji mkono wa mtendaji bali jicho la mtazamaji. Huko ndiko mchezo wote hutendeka. Miongoni mwa waliolifahamu jambo hili barabara ni Jasper Maskelyne, Mwingereza aliyevuma jijini London kabla ya Vita Vikuu vya Pili na kufariki dunia nchini Kenya mwaka wa 1973.

Maskelyne alizaliwa mwaka wa 1902 katika ukoo ulioifanya sanaa hii kuwa kazi ya vizazi. Babu yake, John Nevil Maskelyne, aliyezaliwa Cheltenham mwaka wa 1839, alikuwa fundi wa saa kabla ya kupanda jukwaani. Mzee huyo alijipatia sifa kwa kuzizungusha sahani za kawaida juu ya meza mithili ya pia, asiiache hata moja ianguke. Kuanzia mwaka wa 1873 alifanya maonyesho yake katika ukumbi wa Egyptian Hall, London. Aidha, aliutumia ujuzi wake kuwaumbua waliodai kuwasiliana na mizimu, na mwaka wa 1894 alichapisha kitabu cha kufichua hila za wacheza kamari. Kwake yeye, mfanya kiinimacho na laghai walitofautiana kwa jambo moja: wa kwanza hudanganya kwa ridhaa ya hadhira, wa pili huiibia imani yake.

Jasper aliurithi ufundi huo kupitia kwa baba yake, Nevil, aliyefariki mwaka wa 1924. Mwaka wa 1936 alichapisha kitabu cha kuwafunza watu mazingaombwe, na mwaka uliofuata akarekodiwa katika filamu akionekana kumeza nyembe.

Msingi wa sanaa hii unaweza kuelezwa kwa mchezo mmoja mkongwe, ambao hauhitaji jukwaa wala taa. Katika mkahawa wowote wa Naivasha, Gilgil au Nakuru, vifaa vyake vimo mezani tayari: sarafu, kichupa cha chumvi na karatasi ya shashi. Mchezaji huiweka sarafu mezani, akakivingirisha kichupa kwa shashi hadi karatasi ishike umbo lake, kisha akaifunika sarafu kwacho. Hutangaza kwamba sarafu itapenya mbao. Anapokiinua kichupa, sarafu ingalipo, na watu humcheka. Macho yote yanapoikazia sarafu, mkono wenye kichupa husogea hadi ukingoni mwa meza na kukiachia kidondoke pajani. Shashi hubaki na umbo lile lile, ingawa ndani ni tupu. Huirejesha juu ya sarafu, akaipiga kofi, ikabonyea. Kisha hukitoa kichupa chini ya meza. Sarafu ilikuwa chambo tu. Hakuna aliyekishuku kichupa cha chumvi kwa kuwa kila mtu amekizoea.

Vita vilipozuka, Maskelyne alijiunga na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, akapata mafunzo ya kuficha zana na hatimaye akapelekwa Misri. Nadharia ya kichupa na shashi ilitumika huko kwa kiwango kikubwa. Kabla ya mapigano ya El Alamein ya mwaka wa 1942, vifaru vilifunikwa kwa maturubai vikaonekana kama malori, na mahali vilipoondolewa pakawekwa vifaru bandia. Adui alitazama ganda akidhani anaona kiini.

Hapa ndipo wasifu wa Maskelyne unapoingia utata. Katika kitabu kilichotoka kwa jina lake mwaka wa 1949, alijitokeza kama shujaa mkuu wa hila za jangwani, aliyeihamisha bandari ya Aleksandria machoni pa marubani wa adui na kuuficha Mfereji wa Suez kwa taa. Mwandishi David Fisher aliyaeneza masimulizi hayo zaidi kwa kitabu chake cha mwaka wa 1983. Hata hivyo, watafiti waliozichunguza kumbukumbu za vita wameyatilia shaka makuu kati ya madai hayo. Mpango wa El Alamein uliongozwa na maafisa wengine, akiwemo Geoffrey Barkas. Mchango wa Maskelyne unaothibitika zaidi ni kuwatumbuiza askari na kuwafundisha mbinu za kutoroka iwapo wangetekwa.

Baada ya vita, nyota yake jukwaani ilififia. Alihamia Kenya, wakati ambapo nyanda za juu za Bonde la Ufa zilikuwa zimetengewa walowezi wa Kizungu, akaanzisha shule ya udereva. Ni kazi iliyo kinyume kabisa na ile ya awali. Mfanya kiinimacho huyapotosha macho, ilhali mwalimu wa udereva huyafunza kuona kila kilichopo barabarani, kwani huko kosa la jicho huweza kugharimu uhai. Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963. Miaka kumi baadaye, Maskelyne aliaga dunia.

Mgala muuwe na haki yake mpe. Maskelyne alikuwa msanii hodari, na ujasiri aliowatia askari waliokabili hatari ya kutekwa si jambo la kubezwa. Lakini aliikiuka sheria ya babu yake. Jukwaani, mtazamaji alilipa kiingilio akijua kwamba atadanganywa. Msomaji wa tawasifu hakuambiwa hivyo. Alipewa kitabu, chombo anachokizoea na kukiamini kama kile kichupa cha mezani, naye hakukishuku. Ukweli ulikuwa umekwisha kudondoka pajani, na umbo la shashi likabaki likisimuliwa kwa miongo mingi. Kwa wanafunzi wa wasifu na tawasifu, hilo ni onyo: umbo la maisha lililosimama vizuri mno kwenye karatasi lafaa kubonyezwa kidogo, ili ijulikane kama ndani mna kitu.