Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mwalimu wa Skuli ya Msingi

Jina la Sheikh Abdulla Saleh Farsy linapotajwa hapa Mkoani, wengi hukumbuka tafsiri yake ya Qurani, na wazee hukumbuka ukadhi wake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi kwa zaidi ya miaka kumi. Sifa za ukadhi zimeifunika chaki. Sisi tunaojitayarisha kufundisha darasa la kwanza tuna haki ya kuifunua tena sehemu hiyo ya maisha yake.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Wakati huo skuli ya Serikali, iliyoanza mwaka 1905, haikuwa imeaminiwa na wazazi. Wazazi waliona kuwa skuli inampa mtoto herufi za Kirumi na hesabu, huku ikimpotezea wakati wa kusoma Qurani. Baadaye Serikali iliingiza Qurani katika ratiba ya madarasa ya chini, na mahudhurio yakaongezeka. Farsy yeye alizipita njia zote mbili: alisoma skuli ya Serikali hadi mafunzo ya ualimu, na papo hapo akakaa mbele ya masheikh, miongoni mwao Sheikh Abubakar Bakathir na Sayyid Umar bin Sumait. Mwaka 1933 alianza kufundisha.

Mwalimu aliyekulia chuoni na skuli humjua mtoto wa muhula wa kwanza kuliko yule anayemdhania kuwa ubao mtupu. Mtoto wetu aliyekwisha kwenda chuoni anajua kukaa, kusikiliza na kufuatisha. Anajua kuwa alama iliyoandikwa ina sauti yake. Amekwisha kuiunganisha herufi be na fat-ha akapata ba, na kasra akapata bi, na dhumma akapata bu. Basi tunapomwandikia silabi za Kiswahili ubaoni, kazi yenyewe si ngeni kwake. Zilizo ngeni ni alama tu.

Yako, hata hivyo, mambo yanayomtatiza, na mwalimu asiyeyajua humdhania mtoto kuwa mzito. Mkono wake umezoea kwenda kutoka kulia. Atalifungua daftari kwa nyuma, na huenda akaanza mstari upande usiotakiwa. Kumpiga kwa hilo ni dhulma. Atiliwe nukta upande wa kushoto wa kila mstari, aanzie hapo, na baada ya wiki chache nukta iondolewe. Tena, alama za irabu alizojifunza ni tatu tu. Sauti za e na o anazitamka kila siku nyumbani, lakini hajapata kuziona zimeandikwa kwa alama zao. Kwa hiyo silabi za be na bo zipewe siku nyingi zaidi kuliko ba, bi na bu.

Gumu kuliko yote ni maana. Chuoni mtoto husoma lugha asiyoisema, na ghibu ndiyo sifa yake. Akiuleta mtindo huo katika kitabu cha Kiswahili, ataimba ukurasa mzima macho yakiwa dirishani, na mkaguzi atadhani anasoma. Mwambieni aoneshe neno kwa kidole. Badilisheni herufi moja, baba liwe bata, muone kama atagundua. Kila neno analosoma katika Kiswahili analo tayari kinywani. Hiyo ni neema ambayo msomaji wa chuoni hana.

Suala hilo la kusoma bila kufahamu lilimshughulisha Farsy maisha yake yote. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha ya Mtume kwa Kiswahili chepesi. Kisha akaanza tafsiri ya Qurani, akiitoa sehemu kwa sehemu, hadi ilipochapishwa nzima mwaka 1969 na Islamic Foundation ya Nairobi. Tafsiri nyingine za Kiswahili zilikuwapo, ya Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, na Farsy hakuridhika nazo. Anayeisoma ya kwake huona maelezo ya mwalimu aliyezoea kuulizwa na watoto: sentensi fupi, neno gumu likifuatwa na jepesi.

Kazi nyingine zilimtoa darasani. Alikagua mafunzo ya dini katika skuli za msingi za Unguja na Pemba, na katika miaka ya 1950 akawa mkuu wa Muslim Academy. Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 aliendelea kwa muda, kisha akaenda Kenya, ambako mwaka 1968 alikuwa Kadhi Mkuu. Mwishoni alihamia Oman, na huko Muscat alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1982.